Kipande cha Mwisho cha Kumbatio

Mwanangu Raya,

Kabla ya salamu, ujue kwanza barua hii inatoka kwa nani, maana huko Unguja unakokwenda watakuuliza, na ukijibu vibaya utaniaibisha. Inatoka kwa Fundi Faki wa Tibirinzi, ambaye bila yeye nusu ya Pemba ingelala milango wazi. Toka Konde mpaka Kengeja hakuna mlango unaofunga sawasawa ambao mkono wangu haukuupitia, na kama upo basi unafungwa na upepo. Kule Wete niliweka mlango wa chumba ukabana hata mbu aliyekuwa ndani akafa kwa njaa. Mwenye nyumba mwenyewe alinionyesha maiti.

Mimi sijambo. Mkaza mjomba wako Bi Mafunda naye hajambo, ingawa tangu Ijumaa ananipakulia chakula bila kunitazama usoni.

Kesho unapanda boti Mkoani. Habari za kula, kuvaa na kuswali sitaziandika. Bi Mafunda amekwisha kukusomea, na najua atazirudia garini mpaka bandarini. Mimi nina jambo moja tu, nalo unalijua. Lile faili la mchoro wako. Nilikwambia ulifute, ukafunga kompyuta ukaingia ndani, na toka hapo mimi na wewe tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Sijui umelifuta au hujalifuta. Naandika kwa sababu tukisema kwa mdomo mimi nitapiga makelele na wewe utanyamaza, na ukinyamaza unafanana na marehemu mama yako hata natamani kukimbia. Dada yangu alikuacha kwangu hujui kushika kijiko. Ulijua nyundo kwanza, kijiko baadaye.

Mimi ni mtu wa kushuku, siogopi kusema. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najua anataka kuazima msumeno. Muuza mbao akiniapia kuwa mbao imekauka, naiweka shavuni, na mara nyingi inanijibu kwa unyevu. Hivyo ndivyo nilivyoishi, na karakana yangu haijaungua wala kuibiwa, isipokuwa ile randa, na yule aliyeichukua anajijua.

Tuanze na huyo Bwana Swedi wako wa Unguja. Alipokuja karakanani kututazama alikunywa chai yetu, akaisifu chai, akausifu mji, akamsifu hata paka. Mtu anayemsifu paka wa karakana ana lake jambo. Paka yule ana jicho moja na tabia mbaya. Kisha akaweka mkono kwenye kona ya ile meza ya mfenesi, akapapasa, akainama, akachungulia chini.

"Mzee Faki, msumari uko wapi hapa?"

"Uko dukani," nikamwambia.

Akacheka kwa meno yote. "Na gundi?"

"Gundi ya viatu, bwana."

Hapo ndipo alipoacha kuitazama meza akaitazama kompyuta yako. Nilimwona. Akakuuliza kama unaweza kuichora kona ile, ukasema utajaribu, na hazikupita siku nyingi ukapata kazi kwenye karakana yake ya mashine. Nimejiuliza sana, Unguja kote hakuna anayejua kuchora mbao kwenye kompyuta mpaka avuke maji kumfuata msichana wa nyumbani kwangu Madungu? Bi Mafunda anasema umepata kwa sababu unajua. Inawezekana. Lakini anayetaka nazi humwita mkwezi kwa heshima zote, na nazi zikishafika chini mkwezi huteremka peke yake. Mashine yake ikilishwa faili lako itakata makumbatio usiku na mchana bila kuomba hata maji ya kunywa. Wewe utakuwa na kazi gani tena?

Maana kumbatio si kona ya kawaida. Wewe unajua, lakini acha niseme, mwenyewe napenda kulisema. Ni mguu wa meza na mbavu zake mbili, vipande vitatu vinakutana mahali pamoja na kushikana kama vidole vya watu watatu. Viwili huingia kwa adabu. Cha tatu, kile cha mwisho, ndicho mwenye siri, na kikishaingia hakitoki hata uivute meza kwa ng'ombe. Nasema ng'ombe kwa ushahidi. Kule Kengeja kwenye mchezo wa ng'ombe, dume moja lilikata kamba likaja mbio kwenye meza yangu waliyowekea maji, likaipiga pembe konani. Watu wa Kengeja waulize. Meza ilitoa sauti moja tu, kama mtu aliyeguna, na dume likaondoka likitikisa kichwa, na kuanzia siku ile likawa pole, watoto walikuwa wakilipeleka malishoni kwa uzi wa kushonea.

Na kipande hicho cha mwisho sijapata kukiingiza mbele ya mtu. Nachukua vipande, nageukia ukuta, napiga Bismillahi, mabega yanacheza kidogo, nageuka: tayari. Babu yangu aliyenirithisha alikuwa akifanya vivyo hivyo. Wateja wanapenda. Wengine walisema nina jini wa mbao na sikuwakatalia, jini huongeza wateja.

Sasa siku ile uliponiita nione ulichochora, nilikuja nimejiandaa kugomba. Nikaona mguu wa meza unaelea hewani. Hauna uzito, hauna nyuzi, haunuki mfenesi. Ukabonyeza, ukazunguka. Ukabonyeza tena, ukawa kama kioo, tumbo lake lote nje, tundu na ulimi unaoingia humo. Nilihisi kama nimemfungulia mlango wa bafu mtu ninayemheshimu. Kisha ukavileta vile vipande pamoja, na pale vilipokutana pakageuka pekundu.

"Mjomba, hapa pekundu unapaona?"

"Rangi gani hiyo? Mfenesi ni manjano."

"Si rangi ya mbao. Kompyuta inasema hapa mbao mbili zimekaa mahali pamoja."

"Mbao mbili mahali pamoja! Kompyuta hiyo haina dini."

"Ndo maana inapaka wekundu, mjomba, inakataa. Kipande cha mwisho nikikileta kwa mbele kinagonga. Kwa juu kinagonga. Kwa ubavuni kinagonga. Kwa hesabu yake, kumbatio halifungiki."

"Mie nimelifunga kabla weye hujazaliwa!"

"Najua. Ndo nakuuliza, linaingiaje?"

"Linaingia."

"Kwa wapi?"

"Kwa hapo hapo."

Ukanipa vile vipande vya mfano ulivyochonga mwenyewe, na vilikuwa vimechongwa vizuri, sikukwambia siku ile, nakwambia leo. Ukasema, basi nionyeshe. Nami nikafanya nini? Nikageukia ukuta. Nilipogeuka tena kumbatio limefungwa, nikangoja ushangae kama wateja. Hukushangaa. Ulisema polepole, "Mjomba, miaka yote hii nimejifunza mgongo wako. Ukitaka naweza kuuchora."

Nilicheka. Lakini neno lile lilinikaa kama kibanzi chini ya kucha, hakionekani na huwezi kushika kitu.

Halafu ikaja Ijumaa. Umekaa ukumbini, sijavua hata kofia ya msikitini, ukaniita. Ukabonyeza. Kile kipande cha mwisho kikaja kimeinama kama mtu anayepita mlango mfupi, kikapinda bega, kikanyooka ndani, kikarudi nyuma kidogo, kikakaa. Hapakuwa na pekundu hata chembe. Ukakirudisha, kikaingia tena. Ukakipunguza mwendo, kikaingia taratibu kama kinanidhihaki.

"Nimejaribu njia zote," ukasema. "Hii ndiyo peke yake."

Na uso wako ulikuwa unawaka kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma. Nikaliona na bado nikasema nililolisema.

"Umenipiga video."

"Wallahi mjomba sijakupiga."

"Umeweka simu ukutani! Ukuta ule ule ninaoutazama!"

Nikatoka na joho langu mpaka karakanani, wewe nyuma yangu, nikaukagua ukuta, nikaona tundu, nikasema kamera ilikuwa hapa.

"Mjomba, hilo tundu la msumari wa kalenda."

Bi Mafunda naye alikwishafika, anahema. "Faki, ntoto kakukosa nini? Ukuta nao mwizi?"

Nikamwambia anyamaze. Nikakwambia wewe ulifute faili. Kisha nikaongeza kwamba mwizi wa nje hufungiwa mlango, mwizi wa ndani hufungiwa wapi. Hayo maneno ningeweza kuyarudisha ningeyarudisha, lakini maneno hayana njia ya kutokea, yakishaingia yamekaa.

Si mara ya kwanza. Unamkumbuka Shaame? Yule dereva wa gari la abiria la Kengeja, mwenye kofia ya kijani. Wewe unamjua kwa gari, lakini alikuwa fundi wangu, mkono mzuri kuliko wote waliopita kwangu. Siku moja nilimkuta anaipima kona ya kitanda changu kwa uzi. Sikuuliza. Nilimtupia vyombo vyake njiani na watu wanaona. Akaacha useremala kabisa. Leo nikipanda gari lake anamwondoa mtu kiti cha mbele ananiweka mimi, na kwa muda mrefu nilikaa pale mbele nikimshuku: huyu ananiweka karibu na kioo kwa nia gani? Mpaka siku tuliyobaki wawili garini, nikamwuliza.

Alitazama barabara. "Fundi, mie sikutaka siri yako. Nilitaka kitanda. Nilikuwa naoa."

Basi. Akashusha kioo, akampigia honi mbuzi. Nilitaka kumwambia kitu nikamwambia breki zake zinalia.

Sasa nije kwenye lile ninalolijua, usije ukadhani mjomba wako ni mdomo mtupu. Kwenye mchoro wako ulimi na tundu vimebanana, hakuna nafasi, na kompyuta imeridhika. Kompyuta haijanyeshewa, mwanangu. Mbao yake hainywi maji. Mbao yetu hunywa masika kama ng'ombe, inavimba, na kiungo kilichobana wakati wa kiangazi kinapasua tundu lake chenyewe. Mimi nikikata mbao kavu naweka jani bichi la mkarafuu baina ya ulimi na tundu ninapopima, na nafasi ile ya jani ndiyo ninayomwachia mti wa kunenepea. Nikikata masika siweki jani, maana mti umekwisha kushiba. Wateja niliwaambia jani ni la kinga ya jicho baya. Ni la maji. Chukua kile kipimo chako chenye meno, pima jani, iandike namba hiyo kwenye kompyuta. Na kabla hujaiandika uliza meza itaishi wapi. Ikiwa inakwenda kwenye hoteli yenye baridi ya mashine, mti utakondea huko huko, jani litakuharibia. Bwana Swedi hatauliza hilo. Mashine yake pia haitauliza. Uliza wewe.

Shuku, ndiyo. Siwezi kukwambia usishuku, nitakuwa nimekupeleka safari bila viatu. Shuku mbao nyepesi. Shuku mchoro unaokubali mara ya kwanza. Mtu akikusifu kabla hajagusa kazi yako, msikilize kwa sikio moja. Na huyo Bwana Swedi, nilikuwa nimekuandikia hapa: mwonyeshe kumbatio likiwa limefungwa, ile njia ya kuingilia ifiche, akitaka kuijua akuite wewe. Niliona nimekupa akili kubwa. Nikaisoma tena, nikakuona huko Unguja umegeukia ukuta, mabega yanacheza, na nyuma yako msichana mwingine anajifunza mgongo. Ushauri huo nimeupiga mstari. Bado unasomeka, najua, kalamu yangu ya useremala imekwisha ncha. Fanya utakavyoona. Wewe utamwona meno kila siku, mimi nilimwona siku moja tu.

Lakini kulifuta usilifute.

Nikwambie kwa nini nilikasirika Ijumaa, na hili Bi Mafunda halijui, na nikirudi nyumbani nikute analijua nitajua limetoka wapi. Sikukasirika kwa kuwa uliiba njia yangu. Nilikasirika kwa kuwa ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona. Mimi sijui kipande kile kinaingiaje, Raya. Nageukia ukuta, natikisa, nasukuma, nauma ulimi, naapiza kimoyomoyo, narudia, na mahali fulani mikono inakipata, kinaingia, nami nageuka na uso wa mtu aliyefanya jambo jepesi. Siku mikono iko vizuri ni mara moja. Siku nyingine namwimbia mteja kasida niipate nafasi. Babu alinirithisha namna ya kukata, na mikato ile ni ya kweli, kumbatio ni la kweli. Lakini kipande cha mwisho alikiingiza amenipa mgongo, akafa amenipa mgongo, na mimi nikadhani mgongo ndio siri. Na sasa, Mungu anisamehe, namshuku hata yeye. Nashuku na yeye alikuwa akitikisa.

Kwa hiyo ulichokipata Ijumaa hukukichukua kwangu, hakikuwapo kwangu. Ulikipata mwenyewe, ukaniletea mimi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, nami nikakuita mwizi. Nikaukagua na ukuta.

Faili ni lako. Ukilipeleka kwa Bwana Swedi ni lako, ukilifungia sandukuni ni lako. Ila mkilitengenezea meza huko na kukawa na mahali pa kuandika jina, usiandike la mashine. Andika lako. Chini yake la babu, kwa kuwa alikata vizuri. Langu, basi, kama nafasi itabaki, herufi ndogo, na usisahau kuandika Fundi.

Bi Mafunda atakupa barua hii usiku huu, pamoja na mkate wa boflo wa njiani. Ukiisoma usije kuniomba radhi, wala mimi usiniulize kama nimekuomba radhi. Soma tena juu, imo. Mama yako angekuona leo angejisifu kuliko mimi, na unajua mimi ninavyojisifu.

Sasa lililobaki ni dogo, na ningeliacha lakini muda hautaniruhusu. Tangu Jumamosi nimewaambia watu nina mafua ndiyo maana karakana imefungwa, na Bi Mafunda, pamoja na hasira zake, ananichemshia tangawizi, nami nakunywa. Siumwi. Kuna kitanda cha harusi cha binti wa jirani humu karakanani nilimojifungia, kona tatu zimefunga, ya nne imenikatalia katakata, na harusi ni wiki hii. Nimetikisa mpaka mabega yamevimba. Nilijaribu kukumbuka ulivyonionyesha kwenye kompyuta, lakini siku ile sikutazama vizuri, nilikuwa nakugombeza.

Asubuhi, kabla gari halijaja, pita hapa karakanani Tibirinzi mara moja na hiyo kompyuta yako. Kile kipande kikishainama, bega linapinda kushoto au kulia?

Mjomba wako,
Faki